Nyayo za Ng'ambo ya Rubyiro

Harufu ya matope ya mpunga yaliyochomwa na jua la Bugarama, kwetu Rwanda, hunirudisha hadi leo kwenye ukingo wa mto Rubyiro, msimu ule wa mvua nyingi. Hapakuwa na daraja upande wetu. Palikuwa na mahali tulipopaita kivuko, au icyambu kwa Kinyarwanda. Mama alinifundisha kwamba neno la kwanza limezaliwa na kuvuka, na la pili na kwambuka, ambalo ni kuvuka vilevile. Kwake, kivuko hakikuwa mahali penye maji machache. Kilikuwa mahali ambapo mtu ameingia majini siku hiyo na kutokea upande wa pili. Mto ukihamisha mchanga wake, jina hilo linaisha mpaka mtu avuke tena. Ndiyo maana alitafuta kwanza nyayo mbichi za ng'ambo kabla ya kulowesha miguu.

Jioni moja tulitoka shambani, mdogo wangu Esperance akiwa mgongoni mwa mama. Macho ya mama yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa, hakuona mbali.

"Papa, angalia," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mwanawe kwa Kiswahili chetu cha mpakani na Kongo. "Batu bamevuka?"

Niliona nyayo nyingi zikiingia majini. "Bamevuka, Maman. Ziko mingi."

Mama akaingia mtoni. Hatua chache tu, maji yakamfika shingoni. Mtoto akatoweka, kikabaki kipande cha kitenge chekundu alichofungiwa mgongoni. Nilibaki ukingoni, sikuweza kwenda mbele wala kukimbia. Mama akashika matete, akajivuta mpaka ukingoni. Esperance alikohoa, akanyamaza, nami nikangoja kilio chake kwa hofu ambayo sijaipata tena. Kisha akalia.

Nyayo zile zilikuwa za wavunaji waliokuja kunawa miguu na kurudi mashambani. Ng'ambo sikuwa nimetazama. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Ile haikuwa kivuko, Papa. Ilikuwa fasi ya kunawa, mahali pa miguu tu." Tangu siku ile aliwauliza watu wengine kama kuna aliyevuka, si mimi.

Leo kuna daraja la saruji, na malori ya mchele hupita bila kupunguza mwendo. Esperance, ambaye sasa ana wajukuu, huvuka akiongea kwenye simu, kisha hugeuka na kunicheka.

"Mzee, unatafuta nini tena?"

Nasimama mwanzoni mwa daraja mpaka nione mtu akija kutoka upande ule, ndipo nainua mguu.