Miguu ya Ndege wa Balangida

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujibu swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Nilikuwa nimemwona korongo mmoja kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, kwetu Daudi. Alisimama peke yake kwenye majani marefu, nami nikaamua palepale kwamba ni korongo mweusi wa Ulaya, ambaye kitabu changu kilisema haonekani mara nyingi upande huu. Nikamwandikia mzee mmoja wa Arusha aliyekuwa akikusanya habari za ndege wa nchi nzima. Anwani yake nilipewa na padri mmoja, ambaye aliniachia pia kitabu cha ndege cha Kiingereza na darubini alipokuwa anarudi kwao. Mzee akanijibu kwa mistari mitatu: anashukuru, amefurahi, na je, miguu ya ndege huyo ilikuwa ya rangi gani?

Miguu sikuiona. Majani yaliifunika mpaka tumboni. Nilifungua kitabu, nikatafuta maneno kwenye kamusi, nikamjibu: myekundu.

Wiki iliyofuata korongo yule yule alikuja kutembea kwenye shamba letu lililokuwa limelimwa, karibu kabisa na mama yangu aliyekuwa anapanda maharage. Miguu yake ilikuwa ya kijivu, wekundu ukiwa magotini tu. Alikuwa korongo wa kawaida, wale wanaokuja kwa makundi mvua zikianza, ambao hata mtoto wa kwetu anawajua. Sikumwandikia tena mzee wa Arusha. Nilijiambia barua ya kukanusha ingepotea njiani. Nilijiambia pia kwamba korongo mmoja hawezi kuharibu habari za nchi nzima. Lakini kila nilipopita mahali pa kuchukulia barua, niliongeza mwendo.

Ni lazima nieleze mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo uoga huo utaonekana wa kijinga. Nilimaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Nilipewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima hapo kijijini, na yote mengine niliyoyajua nilijifundisha mwenyewe. Mtu aliyejifundisha hana cheti cha kumtetea. Kwa hiyo nilikuwa mkali kwa nafsi yangu. Tone la wino likidondoka kwenye ukurasa, niliandika ukurasa mzima upya. Mama alikuwa akinitania: "Wenzako wanatafuta wachumba, wewe utaoa daftari."

Sasa, ulikuwa wakati ule serikali ilipokuwa inawahamishia watu kwenye vijiji vipya. Alhamisi moja lori la ushirika lilikuja kuchukua ngano, na dereva akanikabidhi bahasha ya kutilia vidonge. Ndani mlikuwa na karatasi kutoka kwa mganga wa zahanati ya Endasak, chini ya Mlima Hanang. Mganga huyu alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa Pangani, alifanya kazi kwetu Daudi kabla ya kuhamishwa, na katika watu wote ni yeye peke yake aliyenisikiliza nikizungumza habari za ndege bila kupiga miayo. Aliandika hivi:

"Mwalimu wangu wa ndege, njoo upesi. Kwenye Ziwa Balangida pametua ndege wa kwetu wa baharini, yule mla kaa. Mimi nimekua naye, siwezi kumkosea. Sijui amepotea vipi kufika huku kwenye magadi, na sijui atakaa siku ngapi. Lori linarudi kesho alfajiri."

Niliisoma mara mbili. Mla kaa ni ndege wa ufukweni. Kitabu changu hakikumtaja popote bara. Nikiweza kumwona vizuri na kumwandika sawasawa, ningekuwa na kitu cha kweli cha kumpelekea mzee wa Arusha, na katika barua hiyo hiyo ningepata ujasiri wa kukiri uongo wa korongo. Bila ndege huyo, nilijijua, nisingekiri kamwe.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliniandikia barua ya safari, nami nikamwahidi kwamba zamu yangu ya Jumamosi kwenye shamba la kijiji ningeilipa mara mbili. Jioni hiyo nilifunga mzigo: daftari, rula, kalamu mbili, kitambaa cha kufutia darubini, sweta. Halafu nikakaa na kupiga mistari ukurasa wa ndege. Mdomo. Mgongo. Tumbo. Miguu. Umbali. Na kwa kuwa nilikuwa na muda, na kwa kuwa niliogopa kwamba nikiwa ziwani mkono utatetemeka na mwandiko utaharibika, nikajaza. Mdomo: mweusi, mnene. Mgongo: mweusi. Miguu: ya bluu iliyochanganyika na kijivu. Vyote kutoka kitabuni, kwa mwandiko mzuri sana.

Sikuona kwamba nilikuwa narudia kosa lile lile. Niliona ni maandalizi.

Lori lilipita Mbulu na Dongobesh, likateremka Dareda kwa gia ndogo huku sisi wa nyuma tumeshikilia magunia, na mchana tukafika Endasak. Mganga alikuwa chumbani na mama mjamzito. Alitoa kichwa dirishani, jasho likimtoka.

"Umekuja! Mashallah. Mimi siwezi kutoka, mtoto yu njiani. Wewe teremka na njia ya ng'ombe mpaka kwenye maji. Ukiona chemchemi yenye mafunjo, ndipo hapo. Nitakufuata kwa baiskeli."

Niliteremka. Mlima ulibaki mgongoni, na mbele ziwa lilikuwa jeupe kuliko nilivyotarajia, magadi mengi na maji kidogo. Nilipofika nyumba za mwisho nilianza kuhesabu hatua hadi ukingoni, ili nijaze ule mstari wa umbali. Kila hatua mia nilisimama, nikaandika, nikatazama nyuma kwenye nyumba kwa darubini, nikaendelea.

"Wee kijana! Simama hapo hapo!"

Walikuwa wanaume watatu. Aliyetangulia alikuwa mzee mwenye koti zito la kijani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Sipimi, mzee. Nimekuja kuona ndege."

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Umetoka wapi?"

"Mbulu. Daudi."

"Kutoka Daudi kuja kuona ndege! Kwenu hata kuku hakuna?"

Mzee hakucheka. "Mtu wa ndege angetazama juu. Wewe unatazama nyumba zetu na kuandika. Tumeshahamishwa mara moja. Mnataka kutupeleka wapi tena? Barua yako iko wapi?"

Niliingiza mkono mfukoni, nikakumbuka. Barua ya balozi niliiweka ndani ya kamusi ili isikunjike. Kamusi ilikuwa mezani, Daudi.

"Nimeisahau, mzee."

"Amesahau," mzee aliwaambia wenzake, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imenyesha. "Lete hilo daftari."

Nilidhani hajui kusoma, nikaanza kumweleza. Akanikatiza. "Nasoma mwenyewe. Niko kisomo hatua ya pili." Akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu wenye mistari, akaanza kwa sauti, vilevile kama wanafunzi wangu wanavyosoma: "Mdo-mo. Mwe-u-si. Mne-ne. Mi-gu-u. Ya. Blu-u."

Akafunga daftari kidole kikiwa ndani.

"Umefika hapa saa ngapi?"

"Sasa hivi, mzee."

"Na ndege umeshamwona?"

"Bado."

"Miguu yake umeiandika."

Masikio yaliwaka moto. Ilikuwa kama nimesimama mbele ya mzee wa Arusha, ila huyu alikuwa na fimbo.

"Hata sisi tuliandikwa hivi hivi," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Alikuja bwana mmoja na daftari zuri kama hili. Mimi niliandikwa kwamba nimehama, nina nyumba ya bati, mlango unatazama barabara. Siku hiyo nilikuwa bado kule juu na mbuzi wangu. Hilo bati mpaka leo sijaliona."

"Mimi niliandikiwa choo," mwenzake akadakia.

"Choo chako kipo," akasema wa tatu. "Kipo kwenye daftari. Ukibanwa, nenda huko huko."

Walicheka wote, na mzee naye midomo ilimcheza. Lakini daftari hakunirudishia. Alilibana kwapani.

"Twende tumwone huyo ndege. Akiwapo, wewe ni mtu wa ndege. Asipokuwapo, utakwenda kujieleza kwa katibu wa kijiji."

Tulitembea wanne mpaka kwenye chemchemi. Mafunjo yalikuwapo, na mbele yake, kwenye maji ya kina kifupi, ndege wengi weusi kwa weupe walikuwa wakipitisha midomo yao majini.

"Haya," mzee akasema. "Weusi, weupe. Ndio hao?"

Nilinyanyua darubini. Lenzi moja ilikuwa na ufa, kwa hiyo nilizoea kufumba jicho la kushoto. Midomo yao ilikuwa myembamba kama sindano ya kushonea magunia, imepinda kwenda juu. Hao ni ndege wa kila ziwa la magadi. Moyo uliniambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba huenda mganga, kwa kukumbuka kwao, aliwaona hawa akadhani ni wa Pangani. La pili, kwamba nikisema ndio, ninaachiwa sasa hivi, na hakuna mtu hapa duniani atakayejua.

"Si hao, mzee," nikasema.

"Basi hayupo."

"Simwoni."

Aliketi juu ya jiwe. "Tusubiri," alisema. Sijui kwa nini alisema hivyo. Labda alikuwa amechoka kutembea. Nami nikaketi chini, bila daftari, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya sikuwa na kitu cha kufanya ila kutazama.

Mganga alifika akikokota baiskeli kwenye mchanga. "Wa kike! Mzima!" alipiga kelele kabla hata ya kusalimia. Ndipo akaona fimbo na sura yangu. "Mmemfanya nini mwalimu wangu? Huyu hana kosa, ni mgonjwa wa ndege tu."

"Daktari, huyo ndege wako yuko wapi?" mzee akamuuliza.

"Yuko hapo nyuma ya mafunjo. Mwacheni, atatoka mwenyewe. Ana aibu ya mgeni, kama mimi nilipofika huku."

Akatoka.

Alikuwa mmoja. Mweupe sana, mgongo mweusi, kichwa kikubwa, na mdomo mnene uliochongoka kama jambia. Alikimbia hatua chache, akasimama, akainama, akakimbia tena. Nilihisi machozi yananijia, nikayaacha.

"Huyo," mganga akanong'ona. "Ndege wa nyumbani. Maskini, kaa atawapata wapi huku?"

Mzee aliniinamia. "Sasa niambie. Miguu yake ina rangi gani?"

Nikatazama. Miguu ilikuwa myeupe. Magadi yalikuwa yameikaukia kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, kama chokaa ya ukutani. Kitabu kilisema bluu na kijivu. Ukurasa wangu ulisema bluu na kijivu.

"Sijui bado," nikajibu. Nilikuwa nimesema sijui mbele ya watu wanne, na mbingu hazikuanguka.

Tulisubiri. Jua lilisogea kuelekea kwenye ukingo wa milima. Ndege alikula vidudu kwenye matope, akajisafisha, akasimama kwa mguu mmoja mpaka wale wenzake wa mzee wakaanza kumtukana kuwa ni mvivu. Halafu akavuka mkondo wa chemchemi, maji matamu yakimfika mapajani. Alipopanda ng'ambo, magadi yalikuwa yameoshwa.

"Bluu," mzee akasema kabla yangu. "Yenye majivu."

"Ndiyo, mzee. Bluu yenye majivu."

Alilitoa daftari kwapani, likiwa na joto la mwili wake, akanipa. "Haya sasa, andika." Nilifuta ukurasa wote wa nyumbani kwa mstari mmoja mnene, na wino ukamwagika, nikauacha ulivyo. Nikaandika upya nikiwa nimesimama, kwa mwandiko mbaya. Nilipomaliza, mzee akagusa karatasi kwa kidole. "Na mimi niandike. Andika kwamba nilikuwapo." Akanitajia jina lake silabi kwa silabi, kisha akalisoma mwenyewe kuhakikisha.

Asubuhi iliyofuata ndege hakuwapo tena.

Niliandika barua ya Arusha nikiwa kwenye benchi la zahanati. Nilianza na korongo: kwamba miguu sikuiona, kwamba nilidanganya, kwamba baadaye niliiona na nikanyamaza. Ndege wa Balangida nilimweka mwisho, pamoja na mashahidi wanne na magadi miguuni. Jibu lilichukua muda wote wa palizi. Kwa siku nyingi sikufundisha vizuri. Lilipokuja nilimpa mama alishike kwanza, ingawa hajui kusoma, kisha nikafungua. Mistari mitatu tena. Korongo amemfuta. Mla kaa amemwingiza. Na habari ya magadi miguuni, alisema, ndiyo iliyomfanya aniamini, kwa kuwa haimo kitabuni.

Niliketi kwenye tuta la maharage nikacheka peke yangu, mama akauliza kama nimefaulu mtihani.

Tangu safari ile siandiki kitu nisichokiona, na darasani, mtu akiniuliza nisichokijua, namwambia sijui.