Mama Daktari

Jina ambalo watu walimwita mama yangu nilimpa mimi, nikiwa darasa la pili, kwa sababu nilipenda kupigiwa makofi.

Kanisani kwetu Kabiria, mtaa wa Nairobi, kulikuwa na desturi. Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, watoto tulipangwa mstari mbele ya madhabahu, kila mmoja aseme atakuwa nani akikua, halafu mchungaji atuombee wote pamoja. Mvulana wa kwanza alisema rubani. Wa pili akasema mwanajeshi, watu wakacheka maana alikuwa mfupi kuliko bunduki. Msichana aliyenitangulia alisema daktari, na kanisa zima likampigia makofi. Mimi nilikuwa nimejipanga kusema mwalimu. Nikasema daktari, tena kwa sauti kubwa kumshinda yeye, nikapata makofi yangu nikarudi kuketi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, na waumini wengi pale ni watu wa Ukambani kama sisi, ambao neno likishasemwa mbele ya madhabahu hawalisahau. Jumapili iliyofuata mama alikuwa Mama Daktari. Kina nyanya walisema Mama Ndakitali, kwa ulimi wa nyumbani. Hata muuza mboga wa kona alimwita hivyo, na mama aligeuka upesi kila alipoitwa.

Alilipenda hilo jina, sitasema uongo. Alikuwa msafishaji katika hospitali moja Parklands, na huko siku nzima aliitwa "wewe wa mopu" au hakuitwa kabisa. Jioni akishuka kwenye gari hapa Kabiria, alianza kusalimiwa kwa heshima kabla hajafika langoni. Nilikuwa nikimwona dirishani jinsi anavyonyoosha mgongo. Sasa mtu ataanzaje kumpokonya mamake kitu kama hicho?

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa na B+. Haikutosha kusomea udaktari wenyewe, ila uuguzi ungewezekana. Hakuna aliyesikitika. Nairobi hii hata anayeuza dawa ya kikohozi dukani huitwa daktari, kwa hiyo jina la mama halikuwa hatarini kwa sababu ya alama. Lilikuwa hatarini kwa sababu yangu. Kila nilipojiwazia katika kazi hiyo niliona mtu mwingine amevaa uso wangu.

Baba, tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini, hakutaka mjadala mrefu. "Watu hawaachi kuugua," alisema. "Hiyo ni kazi haiishi." Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye ndiye jirani yetu wa ukutani, alisikia nasitasita akaniambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimekasirika: hizo nguo nilizivua nikiwa na meno ya maziwa.

Niliwahi kwenda saiba, duka la intaneti, kujaza kozi za chuo ninazotaka. Kijana wa pale alifungua ukurasa akauliza, "Siz, ya kwanza tuweke gani?"

"Ngoja kidogo."

"Hii sistimu haina mahali pa ngoja kidogo," akasema, bila ubaya. Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Nikaondoka bila kujaza kitu, nikamwambia mama mtandao ulikuwa chini.

Mama hakuwa mjinga. Alimwomba muuguzi mkuu wa wadi anayosafisha, naye akakubali nifike nishinde hapo, nione kazi, nishike hiki na kile. Nilivaa koti jeupe la maabara nililobaki nalo kutoka shuleni. Asubuhi hiyo nilipeleka chupa za maji, nikatandika vitanda, nikamsaidia bibi mmoja kula uji. Sikuogopa damu wala sikutapika. Ningetapika ingekuwa rahisi, maana hiyo ni sababu ambayo kila mtu anaielewa.

Adhuhuri nilikuwa kwenye korido, mama akipiga deki mbele kidogo. Mwanamume mmoja akaja kwangu, kofia mkononi. Mkewe alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi.

"Daktari, samahani," alisema. "Wangu ameshatoka?"

Mama aliacha kupiga deki. Sikumwangalia huyo mwanamume, nilimwangalia mama. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba akaambiwa ni yake. Sijawahi kumwona hivyo tena, na ningetoa chochote nisiwe nimemwona hivyo siku ile.

"Mimi si daktari," nikamwambia yule mtu.

"Hata kama ni mwanafunzi. Niulizie tu."

Nikaenda nikauliza, nikaambiwa angoje. Nikarudi nikamwambia angoje. Alinishukuru mara nyingi mno kwa neno hilo moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nilichotaka ni auachilie. Hapo nilijua. Kazi hiyo ilitaka mtu anayeweza kushikwa mkono namna ile kila siku asitamani kukimbia. Au pengine nilikuwa mwoga tu, na woga wa siku ya kwanza huwapata wote, hata wanaokuja kuwa hodari. Mpaka leo sijui. Hiyo ndiyo shida ya kuwa na miaka kumi na minane: woga wako na ukweli wako vinaongea kwa sauti moja.

Jioni mama alikuwa akikata sukuma wiki jikoni. Nikasimama mlangoni.

"Mum, sidhani nataka hii kitu."

"Kitu gani?"

"Udaktari. Hata nasing."

Aliendelea kukata. "Ni alama?"

"Si alama."

"Ni nini sasa unataka?"

"Sijui, Mum. Kweli sijui."

Kisu kikasimama. "Sijui si kazi," akasema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alikusanya mboga akatia kwenye sufuria, akaniambia nipunguze moto, akatoka nje.

Wiki hiyo ilikuwa nzito. Tuliongea mambo ya chumvi na maji, basi. Ningekuwa na kitu kingine cha kumpa mahali pa udaktari, tungebishana na pengine ningeshinda. Wenzangu waliokataa kozi za wazazi wao walikataa kwa sababu ya muziki, au kompyuta, au biashara. Mimi nilikataa nikiwa mikono mitupu, nikajiona mtoto anayesukuma sahani ya chakula na hata njaa yake haijui. Nilikaribia kurudi saiba niandike uuguzi tu, nyumba ipate amani.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kukaribisha kikundi cha akina mama. Walijaa sebuleni, leso magotini, nami nikawa nawamiminia chai kutoka kwenye chupa. Baada ya nyimbo, mwenyekiti akauliza kila mmoja ana ombi gani. Alipofika kwa mama akatabasamu.

"Mama Daktari, wewe tunajua. Huyu msichana ameweka kozi gani? Tuitaje mbele za Mungu."

Niliendelea kumimina kikombe kikiwa kimejaa, chai ikamwagika kwenye sahani. Mama hakuniangalia.

"Hiyo jina muiwache kwanza," alisema.

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, na kicheko kikaishia njiani.

"Haki, sasa tutakuita nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mniite mama yake. Akijua, atawaambia."

Mama alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, na shingoni niliona mshipa ukipiga. Nilielewa amefanya nini: amejivua mbele ya watu ambao maoni yao ndiyo aliyokuwa akiishi nayo, na hakunidai chochote. Nilitaka kulia. Mwenyekiti akafumba macho, wote wakafumba, akaanza kuomba. Aliposema Mungu amkumbuke mtoto huyu, akakwama, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutaja, akarudia tena neno lile lile.

Nilisimama katikati yao na chupa mkononi, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya matokeo. Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia kutojua kwangu.