Utepe Mwekundu, Kushoto

Mtani wangu wa kijiji cha Mute amefariki. Habari ilinikuta mahali habari zote hunikuta: barazani kwangu, kitini, nimevua viatu. Alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara kuu, na kwa kuwa mimi baiskeli sina, tulijuana kwa utani tu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, na kwetu mtani ana haki ya kukutukana ukiwa hai na wajibu wa kukuzika ukifa. Ile haki niliitumia vizuri. Wajibu ndio ulionishinda, na ninyi mnaoujua uvivu wangu mtadhani nilichelewa mazishini. Afadhali ningechelewa.

Nianze na mlima. Wageni waliokuja na gesi wanasema ni kilima, lakini mtu ambaye safari yake ndefu ni ya kutoka kitandani hadi msikitini hana budi kuuita mlima. Huko juu ndiko kilikokuwa kijiji cha akina mtani, kabla watu hawajateremshwa kuja kukaa barabarani baada ya uhuru. Waliteremka na vyungu na kuku wao, makaburi yakabaki. Mama yake yuko huko, na mtani alikuwa na ombi moja tu: azikwe ubavuni mwake. Zamani ukoo mzima ulipanda kila mwaka kabla ya Ramadhani, kufyeka na kusoma dua. Tangu kazi za gesi za Afungi zianze, wenye nguvu za kushika panga wako kule ndani ya uzio, na njia imemezwa na majani. Akabaki yeye peke yake anayeijua, na kikohozi chake kilikuwa hakimpi nafasi.

Basi mwaka juzi akatukusanya asubuhi, tukawa saba pamoja naye, tupande tukajifunze njia. "Wewe utakaa nyuma," akaniambia, "ukianguka usituangukie." Kwa desturi mtu wa nyuma ndiye mpiga chale: kila penye njia panda anakata gome la mti upande wa kwendea, na chale hiyo hudumu miaka. Nilipiga moja, ya kwanza, nikatoka lengelenge. Nikainua macho, nikaona mtini pamefungwa utepe mwekundu wa plastiki, wa wale wapimaji wa mambo ya gesi. Na mbele, tena utepe. Nikajiuliza, nikate mti wa nini na alama ipo? Nikatoa daftari na kalamu, nikaandika: utepe mwekundu, kushoto. Kila njia panda, hivyo hivyo, mpaka juu.

Huko juu mtani alijilaza kwenye nyasi kando ya kaburi la mama yake, mikono kifuani. "Nafasi yangu hii. Inatosha?"

"Miguu itatokeza," nikasema. "Lakini usiogope, fisi mwenyewe akikunusa atakimbia."

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaketi. "Chale umepiga?"

"Nimeandika."

"Umeandika?"

"Aliyemaliza sekondari ni mimi au wewe?"

Akanitazama kidogo. "Haya, dotori msomi. Basi siku yangu ikifika, njia ni wewe."

Siku yake ilifika wiki iliyopita, alfajiri. Wale watano tuliopanda nao wote wako Afungi, na ruhusa haipatikani kwa saa moja. Mwili ukabaki nyumbani unaoshwa. Mimi nikatangulia na wachimba kaburi wanne, daftari mkononi kama imamu wa msitu. Njia panda ya kwanza tuliiona, chale yangu ile. Ya pili ilikuwa na tepe nyekundu kwenye miti mitatu, kila mti na upande wake. Mbele kuna za njano, za buluu, nyingine nyekundu. Wapimaji walikuwa wamerudi.

"Daftari linasemaje, kaka?" akauliza mchimbaji mmoja.

"Utepe mwekundu, kushoto."

"Upi?"

Nikasoma tena, kana kwamba mwandiko ungebadilika. Tulijaribu mmoja, ukatutupa kwenye miiba. Tulijaribu wa pili, ukatufikisha kwenye mkuza uliofyekwa na wapimaji, ulionyooka usioishia popote. Jua likafika utosini, na maiti haisubiri. Tukarudi.

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. "Mmefika kwa mama?" Akayatazama majembe yetu, hayana udongo. "Basi," akasema, akaingia ndani.

Tulimzika hapo Mute baada ya Alasiri. Kaburini watu walinigeukia, maana mtani ndiye hutania ili wafiwa wapumue. Nikachukua jembe, nikafukia.

Sitawalaumu wapimaji. Walifunga tepe zao kwa kazi yao, na wao wanajua ipi ni ya nini. Hakuna aliyeniambia kwamba ni za kwangu. Tunaulizana kila siku gesi itatuletea nini, na mimi nilishaanza kuitegemea hata kwa njia ya kwenda kwa wafu wetu, ili kiganja changu kisiume. Kama kwenu iko njia ambayo anaijua mtu mmoja, mfuateni leo, na panga mshike wenyewe.

Kaburi la mtani liko hatua chache kutoka barabarani. Malori ya Afungi yakipita, vumbi linatua juu yake. Hata mimi nafika pale bila kuhema, na hilo ndilo linaloniuma: nimemzika mahali panaponifaa mimi.