Jiji Zima Lilisimama Mlangoni

Saa nne asubuhi, Nzuguni. Umeme umerudi, na Paulina Mazengo anawaamsha watu wake. Anabonyeza kitufe, na kwenye kioo cha kompyuta jua linachomoza juu ya kuta za mawe za jiji la Ilindima. Muuza mikate anafungua dirisha. Mlinzi wa lango anapiga miayo. Mwanamke mwenye kitambaa cha bluu anamwaga maji machafu barabarani, na mpita njia anaruka asilowe.

"Huyu kila siku anamwaga hapo hapo," Paulina anasema huku akicheka. "Ni kama jirani yangu. Nishachoka kumsema."

Ilindima haipo duniani. Ni jiji la gemu, lenye wachawi na mashujaa wa mapanga, na linatengenezwa na vijana wanne katika nyumba ya kupanga huku mashariki mwa Dodoma. Kazi ya Paulina, mwenye miaka thelathini na mbili, ni kuwapangia wakazi wake maisha: nani aamke mapema, nani anunue nini, nani agombane na nani, nani alale wapi. Wenzake wanamwita mwenyekiti wa mtaa. Mshahara wake ni laki tano kwa mwezi, na mwenyewe anasema ni pesa nzuri sana mpaka katikati ya mwezi.

Zamani alikuwa anatoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisini, mjini. Anyitike, kiongozi wa kikundi hiki, alikuwa mteja wake. Kila akija kuchapisha karatasi alimkuta Paulina akisimulia habari za watu wanaopita nje, yule anaenda wapi, huyu kwa nini leo amenuna. Nusu ya habari hizo alikuwa anazitunga. Siku moja Anyitike akamuuliza kama angependa kulipwa kwa umbea huo.

Alihitajika kweli. Wakati huo Ilindima ilikuwa kubwa na imekufa. Vijana walikuwa wamejenga nyumba zaidi ya elfu mbili, maana wachezaji wanapenda kusikia jiji ni kubwa. Lakini gemu lilitakiwa lifunguke hata kwenye simu ya bei ndogo, kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa ukuta na mlango tu. Ukisukuma mlango, haufunguki. Nyuma yake hakuna kitu, hata giza hakuna.

"Nilitembea humo siku ya kwanza nikaogopa," Paulina anasema. "Unasikia hatua zako tu. Mji una milango yote hiyo na hakuna anayekohoa."

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Paulina akaanza kuwatia watu, mmoja mmoja, na akili yake ilipokwama alichota Kibakwe, wilayani Mpwapwa, alikozaliwa.

Kwenye kitongoji chao cha milimani kuna desturi moja. Jioni, mtu akitoka shambani au kisimani, hapiti nyumba ya mzee anayeishi peke yake bila kubisha hodi. Mzee akiitika, wanasalimiana, safari inaendelea. Asipoitika, huondoki. Unakaa pale nje. Anayekuja nyuma yako anakukuta, naye anabisha, naye anakaa. Ndivyo wanavyojua kwamba mzee anaumwa, au ametangulia. Kwao hakuna mzee aliyewahi kulala ndani mgonjwa au maiti siku mbili bila watu kujua, na jambo hilo wanajivunia kuliko mahindi yao.

Paulina akaiandika desturi hiyo kama sheria ya Ilindima. Akaweka bibi kizee mmoja katika Mtaa wa Juu, kwenye nyumba yenye chumba na kitanda, na kila jioni wakazi wakawa wanapita kwake. Wachezaji wa majaribio wakasema sasa mji unapumua.

Kisha jiji likaongezwa tena. Ili kupata nafasi, vyumba kadhaa vya ndani viliondolewa, na cha bibi kizee kikawamo. Bibi naye akafutwa pamoja na kitanda chake, ukabaki mlango. Hakuna aliyemwambia Paulina, na hakuna aliyekumbuka kwamba wakazi bado walikuwa na sheria yao.

Joha, mwanafunzi wa chuo anayekuja kujaribu gemu, ndiye aliyegundua. Mchana mmoja alikuwa anamtembeza shujaa wake sokoni, huko ndani ya gemu ikiwa jioni. Akakuta vibanda viko wazi na hakuna muuzaji. Akaenda langoni, hakuna mlinzi. Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria za watu, na hakukuwa na mtu hata mmoja barabarani.

Akapanda Mtaa wa Juu. Ndiko walikokuwa. Wakazi wote wa Ilindima walikuwa wamesimama mbele ya mlango mmoja, wamempa mgongo, kimya. Wa mbele akawa anabisha hodi, anasubiri, anabisha tena. Muuza mikate alikuwa bado na unga mikononi. Joha akavua hedifoni, akageuka.

"Da Paulina," akasema, "huku kuna msiba."

Paulina alisogea, akaangalia. Alijua hitilafu imetokea wapi, ilimchukua dakika chache tu kuijua, lakini kujua hakukumsaidia. Wale watu walikuwa wanamngoja mtu aliyefutwa.

Anyitike hakuwa na muda wa mizimu. Mteja anayegharamia gemu alikuwa anataka kuliona baada ya wiki mbili, na umati mmoja uliogoma ulikuwa unaliangusha gemu lote. Akatoa amri: ama Paulina awafundishe watu kuondoka baada ya hodi ya tatu, ama Mtaa wa Juu wote ufutwe, mlango ule na watu wake.

"Hodi tatu ni adabu kabisa," Anyitike alimwambia. "Hata kwetu Rungwe ukibisha mara tatu unajiondokea."

"Kwa kijana, sawa," Paulina akajibu. "Kwa kizee anayeishi peke yake, unaondoka kwenda wapi?"

Ilibaki njia moja: mlango uitike. Sauti ndogo tu kutoka ndani, watu waridhike, warudi kwao. Paulina akapanda basi kwenda Kibakwe na simu yake ya kurekodia, maana sauti aliyoitaka alikuwa anaijua. Ilikuwa ya mama yake, Antonia, mjane anayeishi peke yake na ambaye mwaka huu moyo unamsumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula hizo kompyuta?"

Akamweleza shida yake yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na huko ndani ya hiyo nyumba kuna nini?"

"Hakuna ndani, mama. Ni mlango tu, umebandikwa ukutani."

"Sasa mimi nitaitika nimekaa wapi?"

Paulina alicheka. Mama hakucheka. Kwao mtu haitiki mwito asioujua unatoka wapi, sembuse kuitikia mahali pasipokuwepo.

"Usiiweke sauti yangu mahali pasipo na ndani," mama akasema. "Nijengee kwanza. Kitanda, mafiga, na kadirisha ka kuwachungulia. Halafu nitaitika."

Paulina alirudi Nzuguni mikono mitupu. Anyitike alishika kichwa. Chumba kwa ajili ya sauti ya sekunde tatu? Nani atakiona? Paulina hakubishana naye. Alimkalisha kwenye kiti, akawasha Ilindima ikiwa jioni, akampeleka shujaa mpaka nyuma ya umati, akatoka kwenda kununua vitumbua.

Aliporudi alimkuta Anyitike hajasogea. Kwenye kioo watu walikuwa bado wamesimama, na wa mbele alikuwa anabisha.

"Zima basi," Anyitike akasema polepole. "Nashindwa kuinuka niwaache."

Jiji likapunguzwa. Safu ya majumba ya uongo karibu na ukuta wa kaskazini ilibomolewa, na nafasi yake ikatosha chumba kimoja cha ndani. Paulina alikipiga picha akaipeleka Kibakwe. Mama aliitazama sana, akasema mafiga yako karibu mno na kitanda, yakasogezwa. Ndipo akakohoa kidogo, akaisogelea simu. "Karibuni. Nipo."

Paulina alipozima kurekodi, mama akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Nikishakufa, hii itaendelea kuitika?"

Paulina alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Itaendelea, mama."

"Basi hawatajua."

Paulina anakiri kwamba alilia, na si kidogo. Tangu siku hiyo anajua amefanya kitu kinachotisha kuliko ule umati. Kila jioni ya Ilindima watu wanabisha, mama anaitika, wanatawanyika wameridhika. Mteja amefurahi na Mtaa wa Juu umepona. Mama, ambaye sasa anapanda kitanda kwa kushikilia ukuta, humpigia simu kuuliza kama leo wamekuja.

Wamekubaliana jambo, yeye na mama yake, na Anyitike amelipitisha. Siku mama atakapofariki, Paulina ataiondoa ile sauti kabla ya kupanda basi la kwenda kuzika. Hataigusa ile sheria ya hodi.

"Najua wachezaji watalalamika gemu limeharibika," anasema. "Walalamike. Watakuta soko jeupe, lango halina mlinzi. Wakitaka kujua watu wameenda wapi, watapanda mpaka kwa mama yangu, na wao watasimama."