Kimya cha Benchi la Juu

Baba yangu, Oreste Ghirardi, kazi yake ilikuwa kunusa. Miaka arobaini katika maghala ya kukaushia mapaja ya nguruwe, vilimani nje ya mji wa Parma, akichoma kila paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, anaipitisha puani mara moja, basi: hili zuri, hili ondoa. Hakuna aliyembishia. Nyumbani alikuwa mpole mpaka anakera. Mama, Mungu amrehemu, akimwuliza kama chumvi imekolea, yeye anatikisa kichwa tu, hujui ni ndiyo au hapana.

Lakini msimu wa opera, ile michezo ya kuimbwa, ukifika, loo! Alivaa suti yake ya kahawia, akafunga mkate wa nyama kwenye karatasi, akapanda zile ngazi hadi roshani ya juu kabisa, kwenye mabenchi ya bei ya chini, na huko alikuwa mtu mwingine. Mitaani nilisikia kwamba aliwahi kumzomea mwimbaji mpaka yule bwana akatoka jukwaani wimbo haujaisha. Baba huyu huyu anayemwomba paka radhi akimkanyaga! Mimi nauza vipuri vya baiskeli, sijui noti hata moja ya muziki, ila udadisi umeniwasha tangu utotoni. Kila nilipomwomba anichukue alinijibu, "Ukikua." Nimefika miaka arobaini na moja, bado naambiwa nikikua.

Kwa hiyo Januari hii alipoingia dukani, akasimama katikati ya matairi na kusema, "Nives, Jumamosi twende wote opera," nilijua kuna jambo.

"Kuna nini, baba?"

"Lazima kuwe na kitu? Mtu hawezi kwenda opera na mwanawe?"

"Wewe huwezi."

Akanikata jicho. Akachukua kengele ya baiskeli, akaigeuza geuza, halafu akasema bila kunitazama kwamba sauti nyembamba hazisikii tena. Ngoma anaisikia, maneno yangu anayasikia. Lakini mwanamke akipandisha sauti juu kabisa kisha akaanza kuipunguza polepole, inakuwa kama mtu amezima taa. "Na kutoka kule juu mdomo wake ni kama punje ya mchele. Siwezi kuusoma."

"Si uwaambie wenzako?"

"Niwaambie nini? Halafu nikakae chini na watalii?"

Hapo ndipo nikaanza kuelewa. Benchi lile lina wazee wanane na sheria moja: hakuna kupiga makofi mpaka noti ife yenyewe. Benchi linasubiri mkono wa baba, roshani inasubiri benchi, na ukumbi mzima unasubiri roshani. Hakuna aliyemchagua, ilitokea tu, kama kule ghalani. Akipiga mapema, ameua noti ya mtu, na kule juu hilo ni kosa baya kuliko kutukana. Alitaka nishike mkono wake, nimbane noti ikiisha.

"Baba, mimi sijui muziki."

"Sihitaji ujue muziki. Nahitaji ujue kimya."

Jumamosi tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma natweta. Kwenye benchi akatupokea Gualtiero Bonati, kinyozi mstaafu anayegombana na baba kwa miaka thelathini na hawajawahi kukaa mbali mbali.

"Oreste, leo umeleta mlinzi?"

"Nimeleta binti yangu."

"Maskini mtoto. Amekosa nini?"

Benchi zima likacheka. Taa zikazimwa, na mimi, jamani, nikafurahi kama mwehu. Nilichungulia chini nikaona vipara vya wapiga fidla vikimetameta. Nilimwona baba akifumba macho, pua inamcheza, kama ananusa. Mwimbaji wa kiume alipomaliza wimbo wake wa kwanza, baba akaninong'oneza, "Huyu anaimba kwa kola ya shati, si kwa kifua," na wazee wakaguna kukubali. Kumbe ndivyo alivyo! Nilitamani mama angekuwepo amwone.

Ndipo akaja mwimbaji wa kike, binti mdogo. Katika mchezo anamuaga baba yake anayempeleka mbali, akapiga magoti, akainamisha uso, nywele zikamfunika. Sauti ikapanda. Ikafika juu ikaanza kupungua, ikawa uzi, ikawa unywele, na mimi machozi yananitiririka, sijui niko wapi, sijui mkono wangu umeshika nini. Nikasahau. Nakiri, nilisahau kabisa.

Noti ikaisha. Ukumbi ukangoja roshani, roshani ikangoja benchi, benchi likamngoja baba. Yule binti akabaki magotini. Kiongozi wa okestra fimbo yake iko hewani. Kimya kikarefuka mpaka nikaona mabega ya msichana yanaanza kutetemeka. Alidhani Parma imemkataa.

"Nives!" Baba alidhani ananong'ona. "Bado anaimba?"

Walisikia hadi wapiga fidla. Hakuna aliyecheka.

"Imekwisha, Oreste," akasema Gualtiero kwa sauti ya kawaida. "Piga."

Mikono ya baba haikuinuka magotini. Nikapiga mimi, kwa aibu na kwa hasira juu yangu mwenyewe, wazee wakafuata, ukumbi ukalipuka. Baba alipiga baada ya watu wote.

Wakati wa mapumziko akachukua koti. "Twende nyumbani."

"Kaa chini, we mzee," akasema Gualtiero.

"Sikio limekufa. Sasa mmejua."

"Sasa? Tumejua tangu msimu wa mwaka juzi! Mwaka jana ulipiga kabla ya wakati mara tatu. Tatu, Oreste! Tukapiga na wewe."

Nilidhani baba atalia. Wapi! Aliwaka. "Mlipiga? Noti iko hewani, mnaisikia kwa masikio yenu, mkapiga? Wajinga wakubwa nyie! Mtu amefanya kazi mwaka mzima, mnamwulia noti yake kwa ajili ya kizee?"

"Tungefanyaje?" Gualtiero akauliza. "Tukuache upige peke yako?"

Baba akalirudisha koti. Akawatazama mmoja mmoja, wote saba. Akaketi taratibu, akafunua ile karatasi ya mkate, akaanza kukata vipande na kugawa, mpaka akafika kwangu. Nilimpenda sana saa ile.

Taa zilipozimwa tena alininyooshea mkono wake waziwazi, mbele ya wote. "Na usilie," akasema. "Ukilia husikii."

Yule binti akarudi. Sauti ikapanda, ikaanza kupungua. Nikauma meno nisilie. Nikatupa jicho kando. Baba hatazami jukwaa. Gualtiero hatazami jukwaa. Wazee wote wanane wamepinda shingo, wanaangalia vidole vyangu.

 Noti bado ipo. Bado. Halafu ikafa yenyewe, nikambana baba mkono kwa nguvu zangu zote.