Saa Tisa ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa katekista kijijini kwetu, Kisarawe. Mimi, kwa elimu yangu ya darasa la saba, nilipewa darasa la watu wazima, naye akawa anakuja jioni kukaa na wenzake.

Siku moja niliandika ubaoni neno la Kiingereza la saa sita mchana: "noon". Mjomba akasimama.

"Mwalimu, hilo kwa asili ni saa tisa. Padri alitufundisha. Watawa wa zamani walifunga mpaka wasali sala ya saa tisa. Njaa ikawashinda, wakaivuta sala mpaka saa sita, ikaja na jina lake."

Sikulijua hilo, na sikutaka ionekane sikulijua. Nikasema, "Basi mjomba, na sisi jembe la saa moja tulivute mpaka saa ya ugali."

Darasa zima likacheka. Tangu hapo, jua likifika utosini kwenye shamba la kijiji, watu walimwambia, "Mzee, saa tisa hiyo, turudi." Akaacha kuja darasani.

Mwaka uliofuata nilitumwa Kibaha kuchukua chaki. Nikamuuliza mwalimu mmoja wa sekondari, nikitaka anihakikishie ushindi wangu. Akafungua kamusi nene. Neno lilitoka Kilatini, saa ya tisa, ikihesabiwa tangu jua kuchomoza, kama tuhesabuvyo sisi. Mambo ya sala yalikuwemo pia.

Niliporudi, mjomba alikuwa kitandani. Nilimtembelea mara tatu. Tulizungumza mvua na mihogo. Kila mara nilijiambia nimweleze, na kila mara nikaona akipona atalisema darasani. Nikaaga.

Siku ya mazishi, mtani wake alikaa mlangoni akazuia jeneza, kama desturi ilivyo.

"Mnamkimbiza wapi? Mmesema mnazika saa tisa. Kwake hiyo ni saa sita, hajala."

Msiba wote ukacheka. Mke wa mjomba hakucheka. Akanigeukia, akauliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Hivi kweli alikuwa anajitungia?"

Wazee waliokuwa karibu waligeuka kunisikiliza, wengi wao wanafunzi wangu.

"Mama," nikasema, "ya Kizungu ni magumu."

Akaitikia kwa kichwa. Mtani akapewa chake, akapisha mlango, nami nikashika jeneza pamoja na wengine.