Dotto anatafuta miezi kumi na minne ya pacha wake

Saa mbili kasorobo asubuhi. Kibanda hakijafagiwa bado, na Mama Laurentia ameshakaa kwenye benchi, simu mkononi, ameishika kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa.

"Inakataa, Dotto. Mjukuu wangu kabatizwa, nampiga picha, inakataa. Inasema nafasi hakuna. Nafasi gani? Simu yote hii!"

Dotto Onesmo anacheka, anavuta kiti, anaipokea simu kwa mikono miwili. Anaanza kama anavyoanza siku zote, kwa kuuliza.

"Huu mkeka wa kubeti mpira?"

"Wa mzee huo. Kachaniwa. Futa."

"Na hizi za kutakiana Jumatatu njema?"

"Ziko ngapi?"

"Mia sita na arobaini."

"Yesu wangu! Watu hawana kazi. Futa zote."

"Bonyeza mwenyewe, mama. Hapa."

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda hiki kilichopo Tumbi, Kibaha, kati ya muuza matunda na fundi cherehani. Dotto huonyesha, hueleza, hupanga. Kidole kinachofuta lazima kiwe cha mwenye simu.

"Picha ya mtu siijui thamani yake," anasema. "Mimi naona ukuta. Kumbe ni ukuta wa nyumba ya mama yake, imeshabomolewa."

Alianza miaka tisa iliyopita na mashine moja ya kutoa kopi. Wagonjwa wa hospitali iliyo jirani na ndugu zao walikuwa wakija na vyeti na kadi za bima. Siku hizi wanaokuja na makaratasi ni wachache kuliko wanaokuja na simu zilizojaa. Anatoza shilingi elfu tatu kwa simu. Siku nzuri anapata simu tisa. Siku mbaya anapata mbili, na moja kati ya hizo ni ya jirani asiyelipa.

Kazi yenyewe watu wengi hawaielewi mpaka waelezwe. Picha ukiipiga, simu huipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambayo Dotto anaiita stoo. Stoo ya bure ina ukubwa wake, GB kumi na tano. Ikijaa, picha mpya hazipandi tena. Zinabaki kwenye simu peke yake, na simu ikiibwa au ikitumbukia ndooni, zimekwenda nayo.

"Watu wanadhani mtandaoni hakuna mwisho," anasema. "Upo. Ni kama stoo ya mahindi. Magunia yakishagusa bati, yanayofuata unayaacha nje, na mvua inayaona."

Anayasema haya haraka, kwa sauti ya mtu aliyeyarudia mara elfu. Kuna sentensi moja tu inayompunguzia mwendo. Ni ile ya kuwaambia wateja kwamba akaunti ikikaa miaka miwili bila kuguswa, kampuni inayoitunza inaweza kuifuta na kila kilichomo.

Mwezi wa saba mwaka jana alikuwa akimweleza hayo mwalimu mmoja mstaafu. Akafika kwenye "miaka miwili". Dotto akageuka akaitazama kalenda ukutani, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Pacha wake, Kulwa, alikuwa amefariki Novemba ya mwaka 2023.

Wamezaliwa Maneromango, wilayani Kisarawe, watoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Kulwa alitangulia kutoka, na alilishikilia jambo hilo maisha yake yote. "Dakika ishirini tu, lakini ukimsikia utadhani ni miaka ishirini," anasema Dotto. "Nikikosea kitu, ananiambia, 'Mdogo wangu, subiri ukue.'"

Dotto akaja mjini Kibaha kusomea kompyuta, akabaki. Kulwa akasomea ualimu, akarudi Maneromango kufundisha darasa la pili na kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akaolewa na Adrian, fundi seremala. Halafu akaugua siku tisa, basi.

Baada ya msiba, Adrian aliifuta simu ya marehemu ikawa kama mpya, akampa ndugu yake. Hakufanya kwa ubaya. "Shemeji alidhani picha zote ziko juu, kwenye mtandao," anasema Dotto. "Si ndilo nililomfundisha mimi mwenyewe?"

Ukimwuliza anatafuta picha za namna gani, jibu lake halichelewi.

"Za sura yake sizitafuti. Sura yake ninayo, naioshea meno kila asubuhi. Nataka alizopiga yeye. Nataka nijue alikuwa anaangalia nini."

Kuifungua akaunti ya Kulwa lilikuwa jambo gumu, na sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kununua simu vijijini. Ukinunua, muuzaji anakufungulia na akaunti papo hapo ili uondoke na simu inayofanya kazi. Anaweka neno la siri analolijua yeye, na namba ya kupokelea ujumbe wa uthibitisho anaweka yake, kwa kuwa laini yako bado iko kwenye simu ya zamani. Wewe unafurahia kioo kipya, unaenda zako.

Muuzaji wa Kulwa, kijana aitwaye Laurean, alimkumbuka vizuri mteja wake. Neno la siri hakulikumbuka. Na ile namba?

"Dada, laini ile niliitupa zamani mno."

Laini ikitupwa, namba yake hufungwa, kisha inauzwa kwa mtu mwingine. Dotto akaipiga. Ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Dotto, nipo Kibaha. Baba, kuna ujumbe utaingia kwenye simu yako sasa hivi, una tarakimu sita. Naomba unisomee."

Kikaja kicheko kirefu.

"Mmeishiwa mbinu, ee? Wiki iliyopita mganga wa kunitajirisha, leo tarakimu sita!" Akakata.

Dotto hakumlaumu. Yeye mwenyewe amebandika karatasi kibandani inayosema usimsomee mtu yeyote namba zinazoingia kwenye simu yako. Akapiga tena. Safari hii alipokea mwanamke.

"Mwanangu, sauti nzuri hivyo, tafuta kazi ya halali."

"Mama, naapa, ni akaunti ya dada yangu, amefariki..."

"Na maiti unamtumia kutapeli! Kama unajiamini, njoo Msimbu uulize kwa Halidi wa mananasi. Njoo tukuone hiyo sura!"

Akakata na yeye. Lakini alikuwa ametoa anwani.

Oktoba, wiki tatu kabla miaka miwili haijatimia, Dotto alifunga kibanda siku ya Jumamosi, akafika Kisarawe mjini, akachukua bodaboda hadi Msimbu. Kwenye mkoba alikuwa na cheti cha kifo na ratiba ya mazishi yenye picha ya Kulwa kwenye jalada. Alijipanga. Kitu kimoja tu hakukifikiria.

Mzee Halidi, mkulima wa miaka sitini na mmoja, aliipokea ile ratiba, akaitazama. Akamtazama Dotto. Akaitazama tena.

"Maulida!" akamwita mkewe. "Njoo uone maajabu. Binti kaja na msiba wake mwenyewe!"

Bi Maulida akatoka jikoni anafuta mikono. Akaisogeza ratiba mbali na macho, kisha karibu.

"Si wewe huyu?"

"Ni pacha wangu, mama."

"Pacha!" Mzee Halidi akapiga paja. "Wenzako hawakufikia hapa. Wenzako wanatuma ujumbe tu, 'ile hela tuma kwenye namba hii', wanalala. Wewe umelipa na nauli!"

Miaka yote kufanana kulikuwa kichekesho cha nyumbani. Siku hiyo uso wake ndio uliomtia hatiani.

Bi Maulida ndiye aliyemletea kigoda. "Una wazazi?" akauliza. Dotto akampigia baba yake, Mzee Onesmo, akaweka sauti ya nje. Mzee Halidi akajitambulisha, akaeleza shida, akauliza kwa heshima zote: huyu aliye mbele yangu ni nani?

Mzee Onesmo akajibu.

"Huyo aliyesimama hapo ni Dotto," akasema. "Kulwa nilimzika mimi."

Mzee Halidi akavua kofia. Akatoa pole, akaulizia afya ya wakubwa na hali ya shamba, kama vile wamejuana siku nyingi. Kisha akaenda ndani kutafuta miwani.

Ujumbe wa kwanza ulimaliza muda wake miwani ikitafutwa. Wa pili aliusoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, na Bi Maulida akirudia kila moja nyuma yake. Nne. Nne. Sifuri. Sifuri.

Ya sita ilipoingia, akaunti ikafunguka.

Ndani kulikuwa na picha elfu kumi na moja na mia mbili. Hakuna aliyewahi kuzipunguza. Ubao wenye hesabu za kutoa. Madaftari ya watoto, kila alipofurahishwa na mwandiko. Sufuria ya kisamvu kabla ya nazi na baada ya nazi. Kisigino chake mwenyewe. Mfuko wa ndani wa mkoba, mara kumi na tisa mfululizo, picha nyeusi tupu. Na video ya sekunde nane ambayo Dotto aliitazama akiwa amesimama uani kwa watu asiowajua: barabara nyekundu, kivuli cha Kulwa kinatangulia mbele, na sauti yake inahesabu hatua chini chini, akisahau, akianza upya.

"Alikuwa anahesabu hatua toka nyumbani mpaka shule," anasema Dotto. "Sikujua. Nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba, sikujua kama anahesabu."

Akaharakisha kwenda mwisho, kwenye miezi ya karibu na kifo. Picha ya mwisho ilikuwa ya mihogo iliyoanikwa juu ya turubai. Tarehe nne Septemba 2022. Baada ya hapo hakuna kitu. Juu ya kioo kulikuwa na maneno ambayo Dotto huyasoma kila siku kwenye simu za watu: nafasi imejaa.

Stoo ya Kulwa ilijaa miezi kumi na minne kabla hajafa. Yote aliyoyapiga baada ya hapo yalibaki kwenye simu, na simu ilishafutwa.

Sehemu iliyobaki Dotto anaisimulia akiwa anapanga karatasi ambazo zimeshapangika.

"Alinipigia. Nakumbuka, alikuwa anatoka shambani. Akasema, 'Dotto, simu inalalamika imejaa.' Nikamwambia, 'Achana nayo, ukija nitakusafishia.' Akaja Krismasi. Tukapika, tukapiga stori mpaka mdomo ukauma, akaondoka. Akaja Pasaka, vile vile. Maneromango kuna vijana wangemsafishia. Alikataa. Alisema simu yake inasafishwa na mdogo wake."

Mteja anachungulia, anaambiwa asubiri kidogo.

Akaunti sasa iko salama. Dotto ameweka namba yake, na kila Ijumaa anaifungua ili isihesabiwe kuwa imeachwa. Wenzake wa kazi hii wanamshangaa kwamba hajaipunguza hata picha moja. Zile nyeusi za mkobani anaweza kuzifuta kwa nusu dakika. Amejaribu mara mbili, akarudisha mkono. Analipia nafasi ya ziada kila mwezi, yeye ambaye huwashauri wateja wasilipie kabla hawajafagia.

Mzee Halidi naye hajamwacha. Hupiga mara moja moja kuuliza habari za kazi, na huanza kwa utani ule ule: "Leo nikusomee tarakimu ngapi?"

Hata hivyo kuna mahali pamoja ambapo Dotto hajapagusa. Kulwa alikuwa mtu wa kutuma. Picha aliyoipenda haikukaa kwake peke yake. Ilikwenda kwa wanakwaya, kwa wazazi wa darasa la pili, kwa mama mkwe, kwa jirani aliyeanika mihogo. Kwa hiyo ile miezi kumi na minne huenda ipo, imetawanyika vipande vipande kwenye simu za watu wa Maneromango. Na simu hizo nazo zinajaa. Kila siku mtu fulani huko anafuta asichokijua ili apate nafasi ya mkeka wa mpira.

Mwezi ujao usharika wa huko una sikukuu ya mavuno, na hata walioko Dar hurudi. Dotto ameshaongea na mchungaji. Ataweka meza nje baada ya ibada, pembeni ya wanaonadi ndizi na kuku wa sadaka, na kompyuta yake, nyaya na diski kubwa aliyoinunua kwa akiba ya miezi minne. Atamsafishia simu kila atakayekuja, bure, mpaka jua lizame. Ombi lake ni moja, kwamba kabla hawajabonyeza kufuta, wamruhusu kutazama kilichotoka kwa Mwalimu Kulwa.

Baba yake alipoambiwa mpango huo aliuliza itakuwaje kama hakuna aliyebakiza kitu.

"Nikamwambia, baba, watu hawafuti. Mimi ndiye ninayewafutisha, nawajua. Wanakuja hapa wamebeba picha za miaka sita, wanaona aibu kuzitupa." Anaichukua simu ya mteja aliyekuwa akisubiri mlangoni. "Mimi nitawapa nafasi, hata GB mia. Wao wanipe Septemba ile mpaka Novemba ya mwaka uliofuata. Hata wakinipa siku tatu, nitakuwa nimezijua siku tatu."